Kidole Kilichopona kwenye Karatasi

Umeshadanganya mara ngapi tangu uamke leo?

Usinune. Sizungumzii uongo wa mahakamani. Nazungumzia ule wa mlangoni. Jirani kakuuliza umeamkaje, ukamjibu salama, ilhali usiku kucha jino lilikuwa likikupiga. Mwenye duka kakuuliza habari za nyumbani, ukamwambia nzuri, na nyumbani bati linavuja. Ndivyo tulivyolelewa. Kwanza kila kitu ni kizuri. Halafu, aliyeuliza akiwa na nafasi na sisi tukiwa na imani naye, ndipo tunasema "ila". Habari zetu zote za kweli zinaishi nyuma ya hilo "ila", na wengi wetu tunazikwa nazo.

Nataka kukusimulia juu ya mwanamke ambaye adabu hiyo ilikaribia kumnyang'anya mkono. Ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Kazini wanamwita Mama Mkasi, naye hulipokea jina hilo kama askari anavyopokea cheo.

Kwa miaka ishirini na sita amekuwa mkataji kwenye karakana ya sare za shule. Karakana iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo sare zote za pale hutoka na harufu kidogo ya tapentaini. Kuna cherehani kumi na nne katika safu mbili, na mwisho wa chumba, dirishani penye mwanga, iko meza ya kukatia, ndefu kama vitanda vitatu vilivyounganishwa. Washonaji huketi. Mkataji husimama. Si majivuno, ni kazi: kitambaa hupangwa tabaka nane, na mkono unaokata lazima ushuke kutoka begani.

"Mshonaji akikosea, anafumua," huwa anasema. "Mkataji akikosea, kamwite nani aje afumue?"

Ana sheria moja ambayo nimeijua tangu utotoni. Akichora mstari wa chaki ukaenda kombo, haufuti. Anaupiga vikwaju viwili vifupi, vistari vya mshazari, kisha anachora mwingine kando yake. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiufute tu. Akasema chaki ukiifuta linabaki vumbi, na baadaye vumbi hilo litakudanganya kuwa ni mstari.

Mkasi wake ni wa chuma kitupu, mzito kama pasi, na tundu lake kubwa amelizungushia kitambaa ili lisimle vidole. Lilimla hata hivyo. Mwaka jana kidole cha kati cha mkono wa kulia kilianza kuamka kimekakamaa. Halafu kikaanza kunasa. Akikikunja, kinakunjika, akitaka kukikunjua, kinagoma, kama droo iliyovimba kwa unyevu, mpaka akivute kwa mkono wa pili, nacho hufyatuka: tak! Mlio huo niliusikia kutoka chumba cha pili.

"Shangazi, nini hicho?"

"Mifupa inasalimiana."

Hakumwambia mtu. Alianza kukata kwa mkono wa kushoto, akijifundisha polepole, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mkataji peke yake anaweza kulifanya: alijiamini yeye kuliko mkasi. Mkasi wa mkono wa kulia ukiushika kwa kushoto, makali yake huachana badala ya kubanana. Haukati, unatafuna. Kola hamsini za mashati meupe zikatoka upande mmoja mnene kuliko mwingine.

Msimamizi wa karakana, mwanamume mwembamba ambaye hata akipiga chafya kalamu iliyo nyuma ya sikio lake haidondoki, aliinua kola moja dirishani.

"Mama Mkasi, hizi zina nini?"

"Kitambaa kimeteleza."

"Miaka yote hakitelezi, kimeteleza leo?"

"Hata wewe juzi uliteleza kwenye ngazi, na ngazi ni ileile."

Cherehani zote zilicheka. Msimamizi hakucheka. Akasema atavumilia mpaka karibu na shule kufunguliwa. Mkono usipokaa sawa, atamhamishia meza ya vifungo. Meza ya vifungo iko pembeni, karibu na choo. Huko watu huketi kwenye vigoda, wanatia vifungo na kupunguza nyuzi, na hakuna anayewauliza neno juu ya kitambaa.

"Mimi nikae kigodani?" Shangazi alimjibu. "Hata siku ya kufa nitalazwa. Sitaketishwa."

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma takwimu, na nilikuwa na imani kubwa kwamba jambo likihesabiwa vizuri, haki itafuata yenyewe. Kliniki ya mikono ilikuwa ukumbi mmoja wenye benchi refu, dirisha la karani na milango miwili. Daktari, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikikunja kidole, akakikunjua, akakisikiliza kikilia.

"Hiki tunakiita kidole cha kifyatuo," alisema. "Kamba inayokunja kidole inapita ndani ya kipete kidogo, hapa chini, kwenye kiganja. Ikivimba na kufanya fundo, inaingia kwa shida na kutoka kwa shida."

"Kama kamba ya kaptura ikijikunja ndani ya pindo," Shangazi akasema.

Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Hasa. Nitaiiba hiyo, mama."

Akaeleza kwamba kuna sindano za steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, zinazochomwa palepale kwenye kipete. Ziko za namna mbili. Moja ni nyeupe kama maziwa, huyeyuka taratibu. Nyingine ni angavu kama maji. Waliozijaribu kwingine wanasema ile nyeupe huwahi kuleta nafuu, na ile ya maji huchelewa lakini baadaye zinakaribiana. Yeye alitaka kujua zinavyofanya kwa watu wanaokula kwa mikono yao: wakataji, vinyozi, mafundi viatu. Kwa hiyo alikuwa analinganisha. Bahasha iliyofungwa, yenye jina la dawa ndani, ingeamua nani apate ipi, mgonjwa asingejua, na nesi atakayepiga simu baada ya wiki sita kuuliza hali naye asingejua.

"Mnanificha dawa ya mkono wangu mwenyewe?" Shangazi aliuliza.

Nikadakia. Nikamweleza kwamba akijua, matumaini yake au mashaka yake yatachafua jibu. "Shangazi, ulinganisho wote umesimama juu ya jibu la mgonjwa," nilisema, kifua mbele. Yakumbuke maneno hayo. Mimi niliyasahau haraka.

Walimuuliza kama ana kisukari, maana dawa hizo huweza kupandisha sukari kwa siku chache. Hana. Akatia sahihi. Bomba la sindano lilikuwa limezungushiwa karatasi ili asione kilichomo, na mimi nilitazama ukutani, kwa sababu najua takwimu lakini damu sijaizoea. Tulipotoka akaninong'oneza:

"Ya maziwa."

"Umejuaje?"

"Wamefunika tumbo, wamesahau mdomo. Tone lilining'inia kwenye ncha, jeupe."

"Usimwambie mtu!"

"Kwani nimemwambia mtu? Nimekwambia wewe."

Wiki ya tatu kidole kilifunguka kama dirisha. Alikata tabaka nane kwa mkono wa kulia akawa anarudi nyumbani akipiga miluzi. Wiki ya tano tatizo likarudi, taratibu, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Wiki ya sita simu ikaita jioni, tukiwa jikoni. Nilikuwa nasuuza vikombe. Aliishika kwa kushoto na kuiweka mezani, spika ikiwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno la yule nesi, binti mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri sana."

"Na kazi?"

"Inakwenda vizuri."

"Na kidole, mama, kinaendeleaje?"

"Kidole nacho salama, tunamshukuru Mungu."

"Hakinasi tena?"

"Aa, kinanasa wapi, mwanangu. Vitu vidogo vidogo tu vya uzee."

"Haya, mama, asante sana. Ubarikiwe."

"Na wewe, mwanangu. Wasalimie wazazi."

Nikampa kikombe cha chai. Akakishika kwa mkono wa kulia, akanywa, akataka kukiweka chini, kidole kikakataa kuachia. Akakibandua kwa mkono wa pili. Tak! Na mimi, msomi wa kupima majibu ya watu, nikaendelea kusuuza vikombe. Sikuona kosa lolote. Aliulizwa habari, akajibu habari.

Siku nane baadaye kidole kilinasa ndani ya mkasi, kikiwa kimekunjwa, na safari hii hakikufyatuka. Alisimama mezani na chuma kimemng'ang'ania kama mtego wa panya. Washonaji wawili walimtoa kwa maji ya sabuni. Msimamizi alisubiri mpaka mkasi ukaanguka mezani.

"Kesho nenda hospitali kama unataka," alisema. "Keshokutwa unakaa meza ya vifungo. Kigoda chako nimeshakiweka."

Kesho yake tulikuwa wa kwanza dirishani. Karani alitafuta kadi, akaitazama, akamtazama Shangazi, akaitazama tena.

"Mama, wewe umepona."

"Nimepona nini?"

"Kidole. Imeandikwa hapa: wiki ya sita, hakinasi, hana malalamiko. Faili limefungwa."

"Basi lifungue."

"Likishafungwa halifunguliwi. Labda ujiandikishe kama mgonjwa mpya. Foleni ni ya miezi minne."

Hapo nikalipuka. Nilisema karatasi haiwezi kujua mkono kuliko mwenye mkono, nilisema huu ni udhalimu, nilisema nitaandika kwenye magazeti, na nadhani nilipiga dirisha kofi. Shangazi hata hakugeuka.

"Punguza moto. Hakuna anayepika hapa."

Akauweka mkono wake wa kulia juu ya ubao wa dirisha, chini ya pua ya karani. Akakikunja kidole. Akakivuta. Tak! Watu wa benchi wakageuka. Akakikunja tena, polepole, kama mtu anayesaga kitu, akakivuta. Tak!

"Hicho ndicho kilichopona," alisema. "Kinakushukuru."

Karani aliivuta kadi karibu. "Sasa mama, nani aliyesema kimepona?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza."

"Ni wewe. Kwa mdomo wako. Nesi alikupigia simu."

Shangazi akageuka, akanitazama, na mimi nikaviona vile vikombe. Vyote, kimoja kimoja.

Nitakwambia wengi wetu tungefanya nini. Tungecheka kidogo, tuseme samahani, turudi nyumbani, na aibu itufunge mdomo kwa miezi minne kama ilivyoufunga kwanza. Ndivyo watu wa kazi za mikono wanavyopotea kwenye karatasi za nchi zote: hawafutwi na adui, wanajifuta wenyewe kwa heshima. Shangazi alivuta pumzi kutoka begani, kama anayetaka kukata.

"Ndiyo," alisema, na sauti ikafika mwisho wa benchi. "Nilidanganya. Kidole kilikuwa kinanasa, nikasema salama. Andika hivyo. Andika: alidanganya."

"Mama, siwezi kuandika..."

"Uliweza kuandika nimepona."

Kutoka benchini kikapasuka kicheko. Alikuwa kinyozi mmoja mnene, kidole gumba amekifunga leso. "Dada, usione haya peke yako. Mimi hiki hakikunjiki tangu mwezi uliopita, na yule binti aliponipigia nilimwambia barabara kabisa. Ningeanzaje kumwambia vibaya, na kanisalimia vizuri vile? Kauliza mpaka hali ya watoto!"

"Umri wake sawa na mwanangu wa tatu," akasema mama mmoja, fundi wa mikoba. "Niliogopa kumvunja moyo."

Nikasimama katikati ya ukumbi. Nilisahau magazeti. "Nani mwingine alipigiwa simu akasema salama, na si salama?"

Kati ya watu tisa waliokuwa wameshapigiwa, mikono mitano ikapanda. Mmoja ulipanda na kidole kimekunjwa, na mwenyewe akaomba radhi: hakikunjuki.

Daktari alikuwa ametoka mlangoni kwa sababu ya kelele. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliitazama ile mikono mitano kama mtu anayetazama nyufa kwenye ukuta wa nyumba mpya.

"Majibu ya wiki ya sita nimeshayaingiza," alisema taratibu. "Nimeshaanza hata kuona dawa ipi inaongoza."

"Inaongoza kwa salamu," Shangazi akamwambia. "Hata ungetuchoma maji ya bomba tungekwambia salama."

"Mama, nikibadilisha jibu moja baada ya kufunga, watasema nimechezea kazi."

"Na usipobadilisha, utakuwa hujachezea?" Akamsogelea. Wote wawili ni wafupi, macho yalilingana. "Daktari, mimi nakata tabaka nane. Nikikosea mstari nikanyamaza, watoto wanane wanavaa kosa langu. Hapa kuna dawa mbili. Kesho na keshokutwa utawaambia watu ipi wachomwe, kwa sababu mimi niliona haya kumwambia binti wa watu kwamba kidole kinauma. Sikubali. Kosa ni langu, nami nimekuja kulichukua. Nirudishie."

Daktari alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. "Kama wote wamejibu hivyo," alisema, zaidi kwake mwenyewe, "basi sina ulinganisho. Nina orodha ya watu wenye adabu."

"Utapata na wasio na adabu, ukiuliza vizuri," kinyozi akasema.

"Niulizeje?"

"Usituulize habari," Shangazi akajibu papo hapo. "Mimi simuulizi mshonaji kazi inaendeleaje, ataniambia vizuri. Namuuliza, tangu asubuhi umetoa mashati mangapi? Hapo adabu haisaidii. Muulize mtu: tangu uamke leo, kidole kimenasa mara ngapi? Atahesabu. Na akishahesabu, hawezi tena kusema salama."

Miaka mitatu chuoni nilifundishwa jinsi ya kutunga maswali, na hakuna mhadhiri aliyelisema jambo hilo kwa uwazi kama ule.

Daktari aliichukua kadi kwa karani. Akachora mstari mmoja tu juu ya neno "hakinasi", mwembamba, ili lililoandikwa liendelee kusomeka. Kando yake akaandika jibu jipya, tarehe, sababu na sahihi. Shangazi alikuwa anaifuata ile kalamu kama anavyofuata mkasi wa mtu mwingine.

"Hujafuta."

"Haturuhusiwi kufuta."

"Vizuri. Na sisi hivyohivyo."

Ndani ya chumba, Daktari alimwambia kuna njia mbili: sindano ya pili, nje ya ulinganisho, au upasuaji mdogo wa kukifungua kile kipete, mkono ukiwa umetiwa ganzi. Wakakubaliana waanze na sindano, na tarehe ya upasuaji iandikwe kabisa, ili isipomfaa asirudishwe kwenye foleni. Tarehe hiyo Shangazi aliitaka kwenye karatasi, si mdomoni. Alisema midomo ameshaiona.

"Sasa ipi ni bora?" aliuliza.

"Sijui. Ningejua, ningekuwa nawapa watu bahasha?"

"Walau wewe husemi salama. Basi nipe ya maji. Ya maziwa nilishaionja."

Daktari, bomba mkononi, akaganda. "Nani aliyekwambia ulipata ya maziwa?"

"Macho yangu. Mnavalisha bomba nguo mnaacha mdomo wazi."

Alicheka mpaka ikabidi aweke bomba chini. Kisha akaacha kucheka, akachukua kalamu akaandika na hilo pia. Sindano ilipoingia kwenye kiganja, Shangazi aliubana mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto mpaka mimi ndiye niliyeguna. Nesi wa zamu, ambaye sauti yake niliitambua mara moja, akamuuliza, "Pole, mama, unaendeleaje?"

"Inauma kama moto," Shangazi akamwambia. "Andika."

Binti akatabasamu, akaandika. Akaagiza mkono upumzike siku tatu. Asishike mkasi wala kitu kizito.

Njiani nilimweleza mpango wangu. Ningemwandikia msimamizi barua, kurasa mbili, yenye haki za mfanyakazi na nakala kwa mwenye karakana. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari.

"Barua ya nini?" alisema. "Mdomo ninao. Ulikuwa umelala tu."

Asubuhi iliyofuata nilipanda naye ngazi za karakana, nimembebea mfuko kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimefungwa. Cherehani zote kumi na nne zilikuwa zinanguruma. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na meza ya kukatia, kalamu nyuma ya sikio, na kule pembeni, karibu na choo, kigoda kitupu kilikuwa kinamsubiri mtu.

"Habari za asubuhi, Mama Mkasi?"

"Mbaya."

Cherehani ya karibu ikanyamaza. Halafu ya pili yake. Zikaenda zikinyamaza moja moja mpaka ukutani, kama taa zinazozimwa. Nafikiri hakuna aliyewahi kulisikia jibu hilo ndani ya chumba kile.

"Mbaya kivipi?"

"Kidole kimenasa mara tatu tangu niamke. Jana kimechomwa sindano, hakishiki mkasi kwa siku tatu. Baada ya hapo sijui, na daktari hajui. Kikigoma kitafunguliwa kwa kisu, tarehe hii hapa. Zile kola hamsini hazikuteleza, nilizitafuna mimi kwa mkono wa kushoto nikijificha. Hizo ndizo habari zangu. Nipe zako."

Msimamizi alielekeza kidole pembeni. "Basi... kigoda kiko kule. Tulishakubaliana."

"Nimekiona."

Akaenda mpaka meza ya vifungo. Akakishika kigoda kwa mkono wa kushoto, akakiburuta kupita katikati ya safu zote mbili, miguu yake ikilia sakafuni, mpaka dirishani. Akakiweka kichwani mwa meza ya kukatia. Akaketi. Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi pale.

"Macho yangu hayajanasa," alisema. "Chaki natia kwa kushoto, nimeshajifunza. Wa kushika mkasi atafutwe."

"Atoke wapi? Kila mtu ana kazi yake."

"Wewe huna."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Msimamizi aliangalia huku na huku. Nadhani angeondoka, lakini macho kumi na manne, au tuseme ishirini na nane, yalikuwa yamemshika mabega. Akavua saa. Akachukua mkasi. Shangazi akampangia tabaka mbili tu, akamchorea kola, akamwonyesha bega lianzie wapi.

Kola ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu akaanza kuuma midomo. Ya nne akapumzika, akajifanya anatazama kitambaa. Ya tano nikamwona anauhamisha mkasi kimyakimya kwenda mkono wa kushoto, na kitambaa kikaanza kutafunwa.

"Kimeteleza, eh?" Shangazi akauliza.

Msimamizi akaurudisha mkasi kulia, akasukuma mara mbili zaidi, akasimama. Kwenye vidole vyake chuma kilikuwa kimechora pete nyekundu.

"Habari za mkono, Bosi?"

"Salama," akasema.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mshonaji wa safu ya mbele aliweka kichwa juu ya cherehani, mabega yanatetemeka. Msimamizi alitutazama mmoja mmoja kwa hasira, halafu akakitazama kiganja chake, akakikunja, akakikunjua.

"Unauma," akasema.

Shangazi alichukua chaki. Pale kitambaa kilipotafunwa akapiga vikwaju viwili vifupi, na kando yake, kwa mkono wa kushoto, akachora mstari mwingine.

"Haya. Anzia hapa."